Gari la dizeli likitetemeka: kabla ya kulaumu pampu, tuulize mafuta yametoka wapi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara. Kenya nako, mamlaka ya nishati, EPRA, hufanya hivyo tarehe 14. Siku hizo simu za wasikilizaji huingia studio mfululizo, na karibu zote huuliza jambo moja: imepanda au imeshuka?

Lipo swali jingine ambalo tangazo la bei halilijibu: hiyo lita unayoilipia ina nini ndani yake? Mjini, ambako kituo cha mafuta kiko kila baada ya mita mia kadhaa, swali hilo linaweza kusubiri. Kijijini, ambako dizeli hufika kwa pipa na kuuzwa kwa dumu, jibu lake husikika kwenye injini.

Husikika hivi. Gari limesimama, dereva hajakanyaga mafuta, lakini injini inatetemeka. Usukani unacheza mkononi, vioo vinagonga, na muungurumo unakatika kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi husema gari linamisi, au limekosa silensa. Mara nyingi kinachofuata ni hukumu ya haraka: "Pampu imekufa." Mwenye gari huuza gunia kadhaa za mahindi au ng'ombe mmoja, pampu inafunguliwa na kutumwa mjini, na wiki zinapita bila usafiri.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini hukumu hiyo hukosewa mara kwa mara, vipimo gani vya bei rahisi vifanyike kwanza, na kwa nini suala hili si la fundi peke yake. Linahusu pia namna nchi zetu zinavyosimamia mafuta pale lami inapoishia.

Gari kuukuu ndilo linalobeba kijiji

Tuanze na magari yenyewe. Anayekwenda mnadani, anayepeleka viazi sokoni, au anayemkimbiza mama mjamzito hospitali usiku, mara nyingi hupanda Land Cruiser hardtop, Hilux ya zamani, Hiace au Canter. Ni magari ya dizeli, na mengi yana umri mkubwa kuliko madereva wanaoyaendesha.

Yanaendelea kuwepo kwa sababu kuyabadilisha ni ghali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilizuia yenye zaidi ya miaka 15 kuanzia 2018. Tanzania haijayapiga marufuku, lakini anayeingiza gari la zamani hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo lile ambalo tayari liko kijijini hutengenezwa, likaharibika, likatengenezwa tena.

Uzuri wake ni kwamba linatengenezeka. Chukua injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika 1990 kwenye Land Cruiser. Ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, na pampu yake huendeshwa na injini yenyewe bila kompyuta. Fundi mwenye spana na sikio zuri anaweza kuihudumia chini ya mwembe. Lakini kukosa kompyuta kuna upande wa pili: hakuna mashine itakayokuonyesha kosa liko wapi. Kinachobaki ni utaratibu wa fundi. Asipokuwa na utaratibu, mfuko wako ndio unaofanyiwa majaribio.

Yaliyotukuta sisi wenyewe

Hatuzungumzi kama watazamaji. Gari letu la matangazo ya nje, hardtop kuukuu, lilianza kutetemeka kila asubuhi. Likiwaka hutoa moshi mweupe, likatikisika dakika kadhaa, kisha likatulia. Gereji moja mjini ikatuambia pampu imekwisha. Tukakubali. Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa kukarabatiwa, na kwa wiki tatu hatukufika kwenye vijiji tulivyokuwa tumeviahidi vipindi.

Pampu iliporudi na kufungwa, gari likatetemeka vilevile.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi wa matrekta, tuliyemkuta kijijini tulikokwenda kurekodi. Hakugusa pampu. Aliomba kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule ambao wajenzi hupimia usawa wa ukuta kwa maji, akaufunga kati ya filta ya dizeli na pampu. Tulipowasha injini, sote tuliona viputo vya hewa vikipita. Akaufuata mstari wa mafuta kwa vidole mpaka karibu na tanki, akakuta mpira umepasuka ufa mwembamba. Usiku, gari likiwa limezimwa, hewa ilikuwa ikiingia hapo na dizeli ikirudi tankini. Mpira mpya na vibano viwili vikamaliza kazi.

Tulimuuliza kwa nini wa mjini hawakuona. Alijibu: "Walianza juu. Maji ya mto yakichafuka, unaanza kuuliza kwenye chemchemi."

Kwa nini kosa huonekana gari likiwa limesimama

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka nafasi yake ipungue mara 20 hivi, nayo hupata joto kali. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na dizeli hulipuka kwa joto hilo. Kwa hiyo kila silinda inahitaji mambo manne: hewa iliyobanwa vizuri, dizeli safi, kipimo sahihi na wakati sahihi.

Gari likipanda mlima, kila nozeli hutoa mafuta mengi na injini huzunguka kwa kasi, hivyo tofauti ndogo kati ya silinda na silinda haionekani. Likiwa silensa, injini nyingi za aina hii huzunguka kama mara 650 mpaka 850 kwa dakika, na kila nozeli hutoa tone dogo sana. Silinda moja ikipata pungufu, au tone lake likiwa na hewa au maji, mlipuko wake hudhoofika na gari zima hutikisika. Ndiyo maana mtetemo huo ni taarifa ya mapema kabla gari halijakuachia njiani.

Ndiyo maana pia tunaonya kuhusu dawa moja inayopendwa: kukaza skrubu ya silensa ili injini izunguke haraka zaidi. Mtetemo hupungua siku hiyohiyo na mteja huondoka akiwa ameridhika. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria kidonge cha kutuliza homa. Joto limeshuka, ugonjwa uko palepale.

Safari ya dizeli mpaka kwenye dumu

Sasa turudi kwenye chemchemi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia mwenye kibatari. Tofauti hiyo ikawa kishawishi. Aliyechanganya mafuta ya taa kwenye dizeli aliuza cha bei ndogo kwa bei kubwa.

Serikali zilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka alama. Tangu 2010 Tanzania imekuwa ikitia vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na wakaguzi hupima vituoni kama kiwango cha vinasaba kimepungua. Kikipungua, ama mafuta yamechanganywa, ama ni yale yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda nchi jirani au yaliyosamehewa kodi. Njia ya pili ni kuondoa faida. Katika bajeti ya 2011, Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuyakaribisha na dizeli. Kenya ilifanya jambo la namna hiyo 2018, ilipoweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Hatua hizo zilipunguza faida ya kuchanganya, lakini zilikuwa na gharama. Mwenye kibatari na jiko la mafuta ya taa ndiye aliyelipa bei mpya, ingawa hakuchanganya chochote. Tena hatua hizo zina mpaka. Mkaguzi hupima kwenye kituo chenye leseni. Dizeli ikishatoka kituoni kwenye pipa, ikapanda roli, ikakaa wiki mbili kwenye ua wa duka na kuuzwa kwa dumu, si rahisi mkaguzi kuifuata.

Tuwe wa haki hapa. Muuzaji wa dumu si lazima awe mwizi. Mara nyingi ndiye pekee aliyefikisha mafuta mahali ambapo hakuna kituo kwa makumi ya kilomita. Pipa lisilojaa huingia hewa yenye unyevu. Usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone na kutuama chini. Pipa la zamani lina kutu. Faneli imelala kwenye vumbi. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini injini haijui nia ya mtu.

Pampu za injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi zaidi, hayalainishi vizuri, na chuma husagana na chuma. Maji ni mabaya zaidi, kwani huleta kutu kwenye vyuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa, na huharibu ncha za nozeli. Pampu iliyolika kwa namna hii huonyesha dalili gari likishapata joto: silensa hushuka na kuyumba, na likizimwa hukataa kuwaka mpaka lipoe.

Anza na cha bei ndogo

Huu ndio utaratibu tunaoupendekeza, baada ya kuzungumza na mafundi na kupata somo letu wenyewe. Mpe fundi wako nafasi ya kuufuata, na ukiweza, simama karibu.

Kwanza, angalia ni lini gari linatetemeka. Likitetemeka asubuhi tu kisha likatulia, shuku hewa kwenye mstari wa mafuta, au plagi za joto ambazo mafundi wengi huziita hita, hasa maeneo ya baridi kama Makete au Limuru. Likitetemeka likishapata joto tu, shuku mafuta mepesi au pampu iliyolika. Likitetemeka wakati wote kwa mdundo uleule, huenda silinda moja haifanyi kazi.

Pili, fungua boneti utazame. Kama injini yenyewe imetulia lakini bodi inatikisika, huenda tatizo ni mipira inayobeba injini, ambayo mafundi huiita maunti. Hapo pampu na nozeli hazihusiki kabisa.

Tatu, tazama moshi. Mweusi unaonyesha mafuta mengi au hewa kidogo, labda nozeli inachuruzika badala ya kunyunyiza. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Mweupe usioisha huku maji ya rejeta yakipungua unaashiria gasketi ya silinda hedi. Hapo zima gari mapema. Wa bluu ni oili inayoungua.

Nne, pima maji. Chini ya filta nyingi za dizeli kuna kidude cha kufungulia maji. Yatoe kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie saa moja. Maji hukaa chini, dizeli juu, na mstari kati yao huonekana wazi. Ukiona maji, safisha tanki na ubadilishe filta kabla ya jambo lingine lolote.

Tano, fanya kipimo cha dumu. Weka dizeli unayoiamini kwenye dumu safi, unganisha mpira wake na ule wa kurudisha mafuta kwenye dumu hilo, toa hewa kwenye mstari, kisha washa. Gari likitulia, ugonjwa uko upande wa tanki, mipira au mafuta yenyewe. Likiendelea kutetemeka, sasa una sababu ya kusonga mbele. Usivute dizeli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa.

Sita, tafuta silinda iliyolala. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa silensa. Akilegeza ya silinda nzima, mlio hubadilika. Akilegeza ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Afunike nati kwa kitambaa, avae miwani na asiweke mkono mbele, kwa sababu dizeli yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo. Kwa injini za kisasa za komoni reli, kipimo hiki ni marufuku, kwa sababu msukumo wake unaweza kuua.

Saba, hamisha nozeli. Nozeli ya silinda mbovu ipelekwe kwenye silinda nzima. Ugonjwa ukihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, fundi apime tapeti na kompresheni.

Pampu inakuja ya nane. Hatusemi pampu haifi. Inakufa, na mafuta mabaya huiua mapema. Tunasema ifunguliwe baada ya nyingine kusafishwa na ushahidi. Hata ikithibitika imekufa, kuirudisha ikiwa mpya kwenye tanki lenye maji ni kuiandalia kifo cha pili.

Nani anayelipa

Hapa ndipo jambo la gereji linapogeuka jambo la umma. Juni 2022, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine, Tanzania ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kushusha bei ya mafuta. Bei ni jambo linaloonekana, kwa hiyo hupata mjadala, bajeti na vichwa vya habari. Ubora hauonekani. Hasara yake husambaa kidogokidogo: nozeli hapa, pampu pale, na gari la wagonjwa lililozimika kwenye kilima. Hakuna anayeijumlisha.

Hatua zimeanza. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, na lengo moja ni kuondoa uuzaji wa kwenye madumu na chupa. Ni mwelekeo mzuri, kwa sababu kituo chenye leseni kinaweza kukaguliwa. Lakini kituo kipya bila mkaguzi anayekifikia kitakuwa pipa kubwa zaidi lenye bango. Swali la kumuuliza diwani na mbunge wako si "kituo kitajengwa lini?" tu. Ongeza: "Kitapimwa mara ngapi, na majibu tutayaona wapi?"

Wewe pia una silaha. Tanzania, piga *152*00# na ufuate maelekezo kujua bei kikomo ya eneo lako. Ukinunua kituoni, dai risiti ya EFD kila mara, kwa sababu bila risiti malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia. Ukishuku mafuta, hifadhi kidogo kwenye chupa safi, andika tarehe na mahali, kisha peleka malalamiko EWURA au kwa baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC. Kwa walioko Kenya, mlango ni EPRA. Ukinunua kwa dumu, chuja kwa kitambaa kizito, acha itulie kabla ya kumimina, na usimalizie mpaka tone la mwisho. Filta ya gari lako ndiyo mkaguzi wa mwisho kwenye safari hiyo ndefu. Ibadilishe kabla haijachoka.

Hardtop letu bado linatembea. Kabla ya kila safari tunafungua kidude cha filta na kutazama kilichomo kwenye chupa. Mara nyingi ni dizeli tupu. Wiki mbili zilizopita, baada ya kujaza mafuta kijiji kimoja, tulikuta maji ya kina cha vidole viwili. Tulimrudia muuzaji na chupa mkononi. Hakubisha, alitupeleka kwenye pipa lake, tukaliinamisha pamoja, na maji yakatoka mengi kuliko yeye mwenyewe alivyotarajia. Alisema amekuwa akiuza kutoka pipa hilo tangu kuvuna, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.